Mizigo Sitini ya Paa la Cucu

Jumapili, 1 Februari 1959. Ruiru

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili kwa sababu mama mwenye nyumba wangu husoma Kikuyu vizuri mno, hasa kikiwa kwenye karatasi ya mtu mwingine. Kiswahili kinamchosha. Basi humu nitasema nitakalo.

Habari kubwa ni kwamba Cucu Ngendo, nyanya yangu mzaa baba, amepata ruhusa ya kutoka kijijini. Jana nilipanda gari la moshi hadi Thika, nikavuka mto Chania kwa miguu, nikamkuta mlangoni ameshika karatasi ya ruhusa juu chini, maana hajui kusoma, akiitazama kama picha ya mtoto. Atajenga kwenye kipande chake mwenyewe cha shamba, juu ya kijito, pale alipokuwa akiishi kabla ya Hali ya Hatari.

Cucu ndiye aliyenilea. Baba yangu hakurudi kutoka vita vya Burma, na mama alifariki mwaka uliofuata. Tangu watu wote wahamishiwe kijijini kwa amri ya serikali, Cucu analala na wajane wengine wawili katika chumba ambacho ukitaka kugeuka lazima uombe radhi. Mimi nikienda nyumbani hulazwa kwa Baba Mkubwa Ephantus, juu ya mkeka kati ya magunia, na mkewe, Mama Magdalene, huanza kupiga miayo mapema ili nijue nimewachosha. Nyumba ya mwanamke ya zamani ilikuwa na kiriri, yaani kitanda cha wasichana kando ya ukuta, cha fito na majani. Nililala kwenye kiriri cha Cucu hadi nilipokwenda chuo cha ualimu. Nakitaka kitanda changu. Basi, nimesema.

Cucu ana sharti moja. Nyumba ianze asubuhi na imalizike siku hiyo hiyo, na moto uwashwe ndani kabla ya jua kuzama. Nyumba iliyolala bila kumalizika, anasema, huwa imeshampata mwenyewe, na huyo mwenyewe si wewe. Baba Mkubwa ni mzee wa kanisa, akasema huo ni ushenzi, lakini alisema kwa sauti ndogo. Yeye angependa mabati. Cucu akamjibu kwamba mvua ikinyesha kwenye mabati ni sawa na kukaa ndani ya debe. Wakapatana hivi: itakuwa msonge wa nyasi, lakini wenye baraza mbele, maana Baba Mkubwa hataki watu wa kanisa wamwone mama yake akiinama mlangoni kama watu wa kale. Na isipomalizika kwa siku moja, Cucu atahamia chumba cha nyuma cha nyumba yake ya mabati, na maneno yaishe.

Cucu alikubali haraka mno. Anaamini itamalizika.

Jumatano, 4 Februari

Darasa la nane leo tumeanza maumbo yaliyounganishwa. Niliweka mkebe juu ya sanduku la chaki nikawauliza, tukitaka kupaka rangi kitu hiki chote, tutapaka eneo gani? Darasa zima lilihesabu uso wa juu wa sanduku wote, pamoja na kitako cha mkebe. Niliwagombeza. Kilichogusana kimefichwa, nikawaambia, na kilichofichwa hakipakwi rangi. Nikawaandikisha mara kumi.

Jumamosi, 7 Februari

Joto. Mawingu yamekuja juu ya milima, yametazama, yamerudi.

Tatizo ni nyasi. Zamani nyasi zikipungua katikati ya kazi, wasichana walitumwa bondeni wakakata nyingine. Sasa mashamba yamepimwa, na kila bonde lina mwenyewe na karatasi yake. Baba Mkubwa ameomba kwenye shamba la kahawa la mzungu, hapa nje ya Ruiru, ambako hupandwa nyasi za kufunikia mizizi ya kahawa kabla ya mvua. Bwana mwenye shamba amekubali kutoa Jumamosi moja tu, pamoja na lori. Anataka aambiwe mapema ni mizigo mingapi, na mizigo itahesabiwa langoni. Hakuna kurudi mara ya pili.

Nilimwuliza Cucu ni mizigo mingapi huezeka nyumba. Akasema inategemea nyumba. Niliuliza wanawake wengine watatu nikapata majibu manne. Hakuna aliyewahi kuhitaji kujua kabla, na hakuna aliyewahi kuezeka msonge wenye baraza. Baba Mkubwa akanitazama. Mimi ndiye mwenye cheti.

Nikaona raha, sifichi. Kumbe hii ndiyo hesabu ya darasani kwangu. Paa la msonge ni umbo la pia, baraza ni paa dogo la pande mbili lililobandikwa mbele. Kutoka katikati hadi ukutani ni futi saba. Nguzo ya kati inapanda futi nane juu ya ukuta. Ishirini na mbili juu ya saba, mara saba, mara nane. Saba ikala saba, nikapata futi za mraba mia moja sabini na sita. Baraza nikalikadiria futi sitini. Cucu alitandaza mzigo mmoja chini kwa unene wa paa, ukafunika futi nne za mraba. Nikagawanya, nikapata hamsini na tisa, nikaongeza mmoja kwa heshima.

Mizigo sitini.

Jumatatu, 9 Februari

Baada ya shule nilikwenda shambani kutoa idadi. Karani anaitwa Urbanus Mwanzia, Mkamba wa mashariki ya Thika, mtu wa kucheka polepole, na penseli sikioni. Aliandika sitini akapiga mstari chini yake, kisha akauliza nimejuaje. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanaume wachache huliweza.

Akauliza kama nimeiona hiyo nyumba. Nikasema haijajengwa. Akasema basi nimeezeka nyumba ambayo haipo, akacheka. Sikumpenda.

Jumanne, 10 Februari

Vumbi. Chaki haitoshi.

Alhamisi, 12 Februari

Vumbi. Bwana mwenye shamba ametia sahihi. Mwanzia ameleta habari mwenyewe kwa baiskeli, ingawa angeweza kumtuma mtu.

Jumapili, 15 Februari. Ruiru, usiku

Nimegombana na Cucu, na nimeshindwa.

Alitaka nimweleze paa lake nilivyolipima. Nilichora mduara mavumbini, nikaonyesha futi saba, nikaeleza ile ishirini na mbili inayogawanywa kwa saba. Akanishika mkono. Kwetu saba haitajwi ovyo. Watu hawaendi safari siku ya saba, wala huwaambii wageni mko saba. Na mimi nimeichukua nikaiweka kwenye nyumba yake mara mbili.

Nilimwambia saba ni saba tu, dunia nzima, hata Uingereza. Akasema Uingereza wajenge zao.

"Nyawira," akasema, "mimi sikatai hesabu yako. Tafuta njia isiyopita hapo."

Nilirudi Ruiru nikinung'unika njia nzima. Hakuna njia isiyopita hapo. Mduara ni mduara.

Jumatatu, 16 Februari

Au ipo?

Alhamisi, 19 Februari

Ipo!

Nilikuwa nikichezea karatasi wakati darasa likifanya zoezi. Nilitengeneza kofia ya pia, nikaikata kutoka kileleni hadi ukingoni, vipande vyembamba vingi kama vya chungwa. Halafu nikavipanga kichwa kwa miguu, kimoja kikitazama juu, cha pili kikitazama chini. Vikalala pamoja karibu sawa na mstatili. Urefu wake ni urefu wa mteremko wa paa. Upana wake ni nusu ya mzingo, kwa kuwa nusu ya vipande imegeuka. Basi huhitaji saba wala ishirini na mbili. Unazungusha kamba kwenye ukingo wa paa, unaikunja katikati, unazidisha kwa mteremko. Kwisha.

Nilisahau niko darasani. Wakataka kujua ninacheka nini, nikawaonyesha, na wote wakatengeneza kofia. Mwalimu mkuu alipita dirishani akaona watoto arobaini wamevaa misonge ya karatasi. Alisimama kidogo, akaenda zake.

Cucu hajui, lakini amenifundisha. Namaanisha ushirikina wake ndio umenifundisha. Nitamwambia Jumamosi.

Jumamosi, 21 Februari. Ng'ambo ya Chania

Ee Ngai, Mungu wangu.

Nilikwenda na kamba ya mkonge. Nilipiga kigingi, nikachora mduara wa ukuta, nikaanza kuuzungushia kamba. Cucu akauliza mvua itadondoka wapi. Nikasema kwenye ukingo wa paa. Akauliza ukingo uko wapi, maana hapa nilipo ni ukutani na maji yakidondoka ukutani udongo wote utashuka. Kweli, ukingo unatoka nje futi mbili. Nikachora mduara wa pili. Kamba ikaenda futi hamsini na sita na nusu, badala ya arobaini na nne.

Hapo jasho lilianza. Lakini kubwa lilikuwa nyuma yangu. Pau za Baba Mkubwa, zile nguzo za muwati zitakazobeba nyasi, zilikuwa zimekatwa tayari, zimelazwa kwenye kivuli. Nilizipima ili nipate mteremko. Futi kumi na tatu na nusu.

Mimi nilizidisha kwa nane! Nilichukua urefu wa nguzo ya kati, inayosimama wima ndani hewani. Nyasi hazilali hewani. Zinalala kwenye mteremko. Kitabu kimesema mteremko, nimekisoma miaka miwili, nimekifundisha.

Nilihesabu upya nimepiga magoti. Paa kubwa peke yake ni mia tatu themanini na moja. Ongeza baraza sitini. Kisha nikakumbuka kosa la darasa langu, kwamba paa la baraza linalalia sehemu ya paa kubwa, na pale panapogusana hapaezekwi. Nikatoa thelathini. Bado mizigo mia moja na tatu. Sisi tuna sitini.

Watoto wale niliwaandikisha mara kumi kwa kosa dogo kuliko hili.

Sikumwambia Cucu. Alikuwa akiokota vijiti kwenye kiwanja chake na kuimba.

Jumatatu, 23 Februari

Mbio hadi shambani. Nilimwambia Mwanzia wazi kwamba nimekosea, na kwamba nahitaji mia moja na tatu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema atajaribu.

Alhamisi, 26 Februari

Amejaribu. Bwana amesema sitini ni sitini, nyasi zinazobaki zimepangiwa kahawa, na mwalimu asiyejua hesabu ni shida ya shule, si ya shamba. Mwanzia hakutaka kuniambia hiyo ya mwisho, nilimlazimisha.

Nililia, ndiyo, pale langoni, na wakata majani wakipita. Nilimwambia kwamba Cucu atahamia chumba cha nyuma cha watu wengine mpaka afe, kwa sababu ya nguzo moja. Mwanzia alisubiri nimalize.

"Mwalimu," akasema, "nyasi hazitaongezeka kwa machozi. Lakini nyumba bado iko kichwani mwako. Si unaweza kuibadilisha?"

Mawingu yamekuja tena juu ya milima, yametazama.

Ijumaa, 27 Februari

Siku nzima nawaza kinyumenyume. Darasani tunapewa umbo tunatafuta eneo. Mimi nimepewa eneo, natafuta umbo. Mizigo sitini ni futi mia mbili arobaini. Je, ni nyumba gani iliyo ndani ya ngozi hiyo?

Paa likilala chini zaidi linakula nyasi kidogo. Lakini nimetazama mapaa yote ya njiani leo mpaka watu wakanitazama mimi, na hakuna hata moja lililolala. Nyasi zikilala, maji yanaingia. Basi ukali wa mteremko uachwe ulivyo. Baraza liondoke. Mduara upungue.

Jumamosi, 28 Februari

Nimepata. Mzingo wa ukingo futi arobaini na nne, nusu yake ishirini na mbili. Pau futi kumi na inchi nane. Mizigo hamsini na tisa, na mmoja unabaki kwa kilele.

Nafurahi na sina amani. Jambo la kwanza, nusu ya upana wa mduara huo hadi ukingoni ni futi saba kamili. Saba imerudi kwa mlango wa nyuma. Sitampimia Cucu kutoka katikati, nitampimia mzunguko tu.

La pili ndilo linaloniuma. Ukuta sasa uko futi tano na nusu kutoka katikati. Sakafu ilikuwa mia moja hamsini na nne, sasa ni tisini na tano. Nilichora mduara huo uani kwa mama mwenye nyumba nikapanga vijiti: mafiga, kitanda cha Cucu, mahali pa mbuzi wake watatu wanaolala ndani, na kiriri. Vitatu vinaenea. Vinne havienei, hata nikivigeuza vipi, na nimevigeuza hadi mama mwenye nyumba akauliza kama naloga.

Jumapili, 1 Machi. Ng'ambo ya Chania

Leo nimesema yote, mbele ya Cucu, Baba Mkubwa na Mama Magdalene.

Baba Mkubwa alikasirika kwa ajili ya baraza. Ameshawaambia wazee wa kanisa. Alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba angesikilizwa kuhusu mabati tangu mwanzo tusingekuwa hapa. Halafu akasema neno lililonichoma: kwamba pengine ni heri nyumba isijengwe kabisa, kuliko kujenga kiota. Pau zake nzuri, akasema, azikatekate!

Cucu aliniambia nichore mduara. Nilizungusha kamba, nikapanga vijiti vyangu, nikaeleza kwamba kimoja lazima kitoke.

Mama Magdalene akasema basi si jambo gumu. Kiriri ni cha wasichana. Nyawira ana miaka ishirini na minne na mshahara, mwaka huu au ujao ataolewa akiwa na bahati, na mbuzi hawaolewi. Alisema bila ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi. Nilisema kweli, toeni kiriri. Mimi ndiye niliyekosea hesabu, na anayevunja ndiye anayelipa. Nilikiondoa kijiti changu mwenyewe.

Cucu alikitazama kile kijiti mkononi mwangu kwa muda. Kisha akamwambia Baba Mkubwa, "Kata pau." Akaingia kwa wajane wenzake kulala.

Jumatano, 11 Machi

Joto. Mawingu yamekuja. Leo hayakurudi.

Jumamosi, 14 Machi

Tumekata nyasi, wanawake ishirini na mmoja, tangu umande. Mwanzia alihesabu langoni. Alihesabu sitini kwa haki, wala hakutupunja wala hakutupendelea. Lakini nilimwona akisimamia ufungaji na kuwaambia akina mama wakaze kamba, mzigo usiende nusu hewa.

Mikono imekatika yote. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 19 Machi

Manyunyu kidogo Ruiru. Nimesali yaishie Ruiru.

Jumamosi, 21 Machi. Ng'ambo ya Chania

Nianze asubuhi.

Tulifika kukiwa na ukungu. Wanaume walichimba na kusimamisha nguzo, wanawake tukateka maji kijitoni na kukanyaga udongo wa kukandika. Mwanzia alitokea na baiskeli yake. Alisema amekuja kuiona ile nyumba iliyoezekwa kabla haijakuwepo. Cucu alimtazama toka viatu hadi penseli, akampa jembe.

Kabla ya saa nne pau zilikuwa juu na fito zimefungwa. Wakaanza kuezeka, kutoka ukingoni kwenda juu kama kawaida. Mimi nilikuwa nikikandika ukuta nje, natazama rundo la nyasi kwa jicho moja. Mawingu yalikuwa meusi upande wa milima.

Saa saba hivi kelele zikaanza. Aliyekuwa akirusha mizigo juu alipiga kelele kwamba thelathini na tatu imekwenda. Watu wakainua macho. Paa lilikuwa limepanda theluthi moja tu! Theluthi moja ya mteremko imefunikwa, na zaidi ya nusu ya nyasi imekwisha. Juu kulibaki mifupa mitupu ya pau na mbingu nyeusi nyuma yake.

Nilijiambia, Nyawira, umekosea tena. Mama Magdalene aliweka mikono kichwani. Baba Mkubwa akawaamuru waezekaji wapunguze unene, waweke nusu, angalau paa lifike juu kabla ya jua, na mashimo yatazibwa baadaye. Wakaanza kuzifungua nyasi zilizofungwa. Cucu alikuwa ameketi kando na chungu cha makaa aliyoyatoa kijijini, akiyafunika kwa majivu yasizime. Alinitazama mimi.

Nikatazama paa, si rundo. Nikaona kofia ya karatasi. Vipande vile vya chungwa vilikuwa vinene chini na vyembamba juu, na huku chini ndiko eneo lote liliko. Ukipanda theluthi moja, kinachobaki juu ni pia ndogo ambayo kila upande wake ni theluthi mbili ya ile kubwa. Theluthi mbili ya theluthi mbili. Nne juu ya tisa. Basi tumekwisha kula tano juu ya tisa. Tano juu ya tisa ya hamsini na tisa ni kama thelathini na tatu!

Nilipanda ngazi na udongo mikononi. Sijawahi kumpinga Baba Mkubwa mbele ya watu.

"Msipunguze unene," nikasema. "Chini kunakula sana, juu kunakula kidogo. Nyasi zinatosha."

Baba Mkubwa akauliza nina hakika kama ile ya sitini ya kwanza? Watu wakacheka. Nilimwambia ile ya kwanza sikuwa nimeitazama nyumba. Hii naitazama. Mzunguko ule wa chini ulichukua mizigo minne, nikasema, ule ulioishia sasa umechukua mitatu, hesabuni wenyewe. Mwezekaji aliyekuwa juu, mzee asiyependa maneno, alifikiri kidogo akasema ni kweli. Akaacha kufungua nyasi.

Wakaendelea kwa unene ule ule. Mzigo mmoja ukaanza kuzunguka nusu ya paa, kisha paa lote, kisha mzigo mmoja ukafanya mizunguko miwili. Watu walikuja mmoja mmoja kusimama karibu na rundo. Hata wale wa udongo waliacha udongo. Ulipobaki mzigo mmoja, kilichobaki juu kilikuwa duara dogo kama ungo, na mzee akaomba mzigo huo, akaufunga kilele, akakata ncha kwa panga.

Hapakubaki hata unyasi wa kuchokonoa meno. Mwanzia alisema kwa sauti kubwa, mbele ya wote, kwamba mwalimu anajua hesabu, shule iambiwe. Nilipata kazi ya haraka kwenye ndoo ya udongo.

Jua lilikuwa bado limebaki kidogo. Cucu aliinama, akaingia na chungu chake cha makaa peke yake. Tulisimama nje tukitazama paa. Halafu moshi ukatoka kwenye nyasi zote kwa pamoja, polepole, na akina mama wakapiga vigelegele.

Aliponiita niliingia. Macho yalichukua muda kuzoea. Niliona mafiga. Niliona kitanda chake kulia. Kushoto, mahali nilipopanga kijiti cha mbuzi, palikuwa na nguzo nne za panda zimekitwa ardhini, fito juu yake, na majani makavu yametandikwa. Aliwaambia wanaume wazikite nilipokuwa kijitoni.

Niliuliza mbuzi watalala wapi.

"Ephantus ana baraza," akasema Cucu.

Nikasema lakini mimi ni mtu wa Ruiru, huja mara moja kwa wiki mbili, na mbuzi ni wa kila siku. Yeye alikuwa akipuliza moto. Alisema nyumba ya mwanamke isiyo na kiriri ni ghala, na yeye si mahindi.

Nilikaa kwenye fito na tope langu lote.

Jumapili, 22 Machi. Asubuhi, kwa Cucu

Mvua ilianza kabla ya mapambazuko, si manyunyu, ni mvua yenyewe. Nililala nikisikiliza. Kwenye nyasi mvua haina kelele, inasikika ukingoni tu inapodondoka, futi moja na nusu mbali na ukuta, mzunguko mzima. Hakuna tone lililoingia.

Kutoka chini, kwa Baba Mkubwa, nawasikia mbuzi watatu kwenye baraza la mzee wa kanisa. Watu watapita hapo wakienda ibadani.

Cucu ameamka mapema kupima nyumba kwa miguu yake, kutoka katikati hadi nje kwenye ukingo, kisigino kwa vidole. Nikaikumbuka ile saba. Mguu wake ni mdogo. Alipata tisa, akaridhika, akarudi motoni.

Kitanda ni kifupi. Mduara ulipopungua ukuta ulijikunja, na fito zimenipungukia kama inchi tano, kwa hiyo miguu inaning'inia nje. Ni hesabu yangu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Cucu ameiona hiyo miguu, amechukua shuka lake la zamani, ameifunika.